Wagtail Haijafika Thelathini

Jumanne, 14 Machi 1899

Haikufika! Meli yetu Wagtail imerudi jioni hii imenywea kama mbwa aliyenyeshewa. Ishirini na tisa na kidogo. Mkataba unataka thelathini – maili thelathini za bahari kwa saa, na iende hivyo saa tatu bila kupumua – na Jeshi la Maji halinunui "na kidogo". Hili lilikuwa jaribio la pili.

Mji mzima wa Hebburn hauna neno lingine. Hata mama muuza samaki wa kukaanga ananiuliza kwa neno moja tu: "Thelathini?" Nikatikisa kichwa, akanichagulia samaki mdogo. Simlaumu. Kiwanda cha Haddrick hakina meli nyingine ya kuunda. Hii ikikataliwa, lango litafungwa na kila mtu atakuwa na lake.

Baba kaingia mweusi tii, meno na macho tu. Yeye ndiye mkuu wa wachochea moto wa chumba cha mbele, kwenye boila la kwanza. Huko chini milango hufungwa, mapangaboi yakasukuma hewa mpaka masikio yakaziba, ndipo makaa yawake inavyotakiwa. Baada ya kila jaribio Baba huwa kiziwi siku mbili. Mama hutumia nafasi hiyo kumwambia yote yaliyomkaa rohoni. Baba huitikia kwa kichwa na kusema chai ni tamu.

Lanty, mpangaji wetu, alikuwa anamngoja mlangoni. Huyu hubeba makaa pale kiwandani, na kila jaribio huomba aingizwe kwenye kikosi cha moto. Leo kapiga kelele sikioni mwa Baba: Mzee, ningekuwemo mimi mngefika! Baba akamjibu kwamba angekuwemo yeye wangefika kweli – chini ya bahari.

Alhamisi, 16 Machi 1899

Nimeanza kunakili mchoro wa rafadha mpya, yale majani ya chuma yanayozunguka nyuma na kuisukuma meli. Rafadha za tatu hizi! Za kwanza zilikuwa ndogo, za pili zilikuwa ndefu, hizi sijui ni nini. Bwana Ord, mchoraji mkuu, anasema ni "jaribio la tatu la kubahatisha kwa heshima".

Miaka mitano sasa nakaa kwenye meza hii na wasichana wenzangu, tukinakili kwa wino, kwenye kitambaa, mistari wanayochora mabwana kwa penseli. Nalijua umbo la kila kipande cha Wagtail. Nalijua kuliko kiganja changu. Lakini sijawahi kuiona ikikimbia! Ni kama kujua mifupa yote ya farasi na hujawahi kusikia kwato.

Hizi meli zenyewe ni kichekesho. Kwanza walibuni mashua ndogo za kubeba topido, zizamishe manowari kubwa. Wakubwa wakaogopa. Basi wakabuni manowari nyembamba za kuziwinda na kuziharibu hizo mashua. Ndiyo maana tunaziita waharibifu. Nikamuuliza Bwana Ord: na wa kuwaharibu waharibifu watakuja lini? Akasema Bi Raine, usiwape wazo, tutakosa likizo.

Nikamuuliza pia kama mwanamke anaweza kupanda siku ya jaribio. Akacheka, lakini kwa upole. Alisema wachochea moto wangeruka majini wote, na boila bado zinawaka.

Jumapili, 19 Machi 1899

Kanisani, kisha chakula: paja la kuokwa na njegere za kuponda. Paja la nani? Hapo ndipo penye raha. Lanty ni mtoto wa wavuvi wa Cullercoats, na kwao yule mnyama hatajwi kwa jina. Humwita "bwana mguno". Ukimtaja, Lanty lazima aguse chuma haraka, la sivyo balaa.

Nikangoja ajaze mdomo. Nikasema, "Nguruwe." Akaruka kwenda kushika mlango wa jiko. Ulikuwa wa moto!

"Tamsi, wewe mwanamke utaniua!"

"Nguruwe," nikasema tena. Akashika tena. Mama akanipiga kwa kijiko, huku anacheka.

Baba hakucheka. Alisema kuna vitu havichezewi. Ajabu yake Baba! Mtu anayeweza kusikiliza boila na kukuambia lina kiu au limeshiba, halafu anaogopa maneno. Nataka kujua vinakaaje kichwa kimoja.

Jumatano, 22 Machi 1899

Jaribio la tatu. Nimeamka kabla ya mapambazuko na kukaa nyuma ya pazia, maana leo mwanamke hatoki.

Ndivyo ilivyo mtaani kwetu. Mwanamume anayekwenda kwenye moto wa majaribio, kama ilivyo kwa wachimba makaa na wavuvi, akikutana na mwanamke njiani, safari imeharibika. Anageuka nyumbani. Basi asubuhi kama hii milango yote hufungwa. Mama humwekea Baba chai na mkate mezani, kisha anajificha chumbani kwenye nyumba yake mwenyewe! Baba hutangulia wenzake kwa muda mrefu, akalisikilize boila lake lingali baridi. Unasikia buti zake peke yake kwenye mawe. Nyuma ya kila pazia kuna wanawake wanazuia kicheko.

Chini ya kwapa alibeba ufagio. Mama aliununua mpya kwa jaribio la kwanza, mpini mwekundu. Meli ikifika thelathini, ufagio hufungwa juu ya mlingoti, kwamba imefagia bahari. Ufagio wetu umeshakwenda baharini mara mbili na kurudi bila kupanda mlingoti.

Jioni

Umerudi mara ya tatu.

Na sasa nina swali ambalo halitanipa usingizi. Baba anasema injini zilizunguka kwa kasi kuliko majaribio yote. Nguvu ilikuwepo! Mvuke ulikuwepo! Nyuma kote kulitetemeka, kikombe cha nahodha kikatembea chenyewe hadi ukingoni mwa meza. Nani alikipa chombo hiki jina la ndege mtikisa mkia? Alitabiri. Lakini zile nguzo za juu ya miamba ya Hartley, ambazo ndizo zinazopima maili, zilikuja kwa mwendo ule ule. Injini inakimbia zaidi, meli haikimbii zaidi. Nguvu inakwenda wapi?

Nimeuliza mezani. Baba bado kiziwi. Lanty kasema inakwenda kwa samaki.

Shingoni mwa Baba kuna alama nyekundu, malengelenge madogo matatu. Mama kampaka mafuta ya kitani yaliyochanganywa na maji ya chokaa, ile chupa ya kila nyumba ya mchochea moto. Nikamwandikia kwenye karatasi: nini hiki? Akasema kwa sauti kubwa, kama viziwi wanavyosema: "Boila limenitemea mate. Kamrija kamoja kanavuja. Kalianza jaribio la pili."

Alhamisi, 23 Machi 1899

Nguvu inakwenda wapi?

Jumatatu, 3 Aprili 1899

Jumatatu ya Pasaka, kiwanda kimefungwa, jua kidogo. Nimemsaidia Mama kufua uani. Pipa, maji ya moto, na ule mchi mkubwa wa kutwangia nguo. Nilikuwa na haraka. Nikawa naupiga juu chini, juu chini, kwa kasi – na ghafla mchi ukawa mwepesi! Kama nautwanga upepo. Nguo zimekaa tu chini, povu linapanda, mimi natoka jasho bure. Nikapunguza. Maji yakaushika mchi tena. Nikaongeza. Yakauachia.

Nikasimama pale na mdomo wazi. Maji yana mwendo wake! Ukiyaharakisha kupita hapo hayakufuati tena. Yanakuacha na tundu.

Lanty alikuwa amekaa ukutani anakula chungwa la sikukuu. "Maji yamekuchoka," akasema. Nikamwita aje atwange yeye. Ana mikono kama makasia. Akatwanga mpaka povu likamrukia usoni, na nguo ya ndani ya Mama ikaruka juu ya ukuta kwa jirani. Mama alitoka na maneno ambayo hayaandikwi siku ya Pasaka.

Lakini Lanty hakunicheka. Aliinama akaangalia ndani ya pipa muda mrefu, ananiuliza: kwa hiyo rafadha inatoboa maji? Nikasema sijui. Akasema, "Basi tujue." Tujue! Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Nimeona leo kwamba ana kope ndefu kuliko zangu.

Jumanne, 4 Aprili 1899

Nikamwendea Bwana Ord na pipa langu lote kichwani. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua kabati akanitolea ripoti – wanajua! Wanajua tangu zamani. Mabwana fulani wa London wameshaliona jambo lenyewe na hata wamelipa jina. Majani ya rafadha yakikaza mwendo mno, maji yanararuka nyuma yake, panabaki tundu tupu, na rafadha inazunguka ndani ya tundu lake. Dawa ni majani mapana zaidi, ili yasiyaonee maji sehemu moja. Rafadha za nne zimeshachorwa. Nitaanza kuzinakili kesho.

Nilidhani nitasikitika kwamba nimechelewa. Wala! Nimetembea kurudi nyumbani kama nimelewa. Tundu ndani ya maji! Lina nini ndani? Bwana Ord anasema hakuna anayejua vizuri. Hakuna anayejua!

Lanty alinunua rosti ya bwana mguno kusherehekea. Aliagiza kwa kidole, asitaje.

Jumatatu, 10 Aprili 1899

Ukuta kati ya chumba chetu cha kunakilia na cha mainjinia ni wa mbao nyembamba. Sikukusudia. Lakini nilipoanza kusikia sikuondoka.

Jaribio la nne ni Alhamisi. La mwisho, Jeshi la Maji halitangoja tena. Rafadha pana zimefungwa. Lakini rafadha pana ni nzito kuzungusha, zitataka mvuke mwingi zaidi, na hewa isukumwe kwa nguvu kuliko siku zote. Mmoja akauliza: na mirija ya boila la mbele? Mwingine akasema kuibadilisha yote ni wiki tatu, hatuna wiki tatu. Umezibwa ule mmoja. Mingine itashika. Yule wa kwanza akasema, "Na isiposhika?" Nilisikia kiti kinasogezwa.

Boila la mbele. Chumba cha mbele. Milango iliyofungwa.

Wino ulinidondoka kwenye kitambaa. Mara ya kwanza kwa miaka mitano.

Jumanne, 11 Aprili 1899

Nimemwambia Baba. Alikuwa anakata kucha kando ya moto.

"Najua," akasema. "Unadhani nani aliyewaambia?"

"Basi usiende!"

"Nani aende?"

"Yeyote. Mwingine."

Akaniangalia kama nimeongea lugha ya ng'ambo. Akasema lile boila linaimba kabla halijatema. Sauti nyembamba, kama birika kwa jirani. Yeye anaisikia, wale vijana hawaisikii. Kazi yake Alhamisi si kuchochea, ni kusikia. Kisha akasema ajali haina kinga na mimi nikalale.

Ana miaka hamsini na saba. Anakohoa vitu vyeusi. Na kiwanda hiki kitakuwa na Wagtail au hakitakuwa nayo, mimi baba nina mmoja.

Jumatano, 12 Aprili 1899

Nimefikiria siku nzima. Njia ipo. Ni rahisi mno, ndiyo maana inanitisha.

Alhamisi, 13 Aprili 1899

Asubuhi

Nimefanya.

Nilitoka kwa mlango wa uani kabla Baba hajanywa chai, nikapita uchochoroni, nikasimama kwenye kona ya mtaa, chini ya taa, uso wangu kuelekea anakotokea. Milango yote imefungwa. Baridi. Nikasikia buti zake. Nilitaka kucheka – mimi nisiyeamini haya mambo, nimesimama pale kama jini!

Akaniona. Akasimama.

"Umepotea?" akaniuliza. Taratibu. Kama nilipokuwa mtoto.

"Hapana, Baba."

"Unajua leo ni siku gani?"

"Najua."

Akavua kofia. Akaigeuza mkononi, akaivaa tena. Akageuka. Hakunitukana. Nikamfuata kwa mbali mtaa mzima, mgongo wake mbele yangu, ufagio kwapani.

Nilifurahi. Niandike ukweli, hakuna wa kuusoma: nilifurahi mno hadi tuliposhika mlango wa nyumba.

Baba akapanda ngazi, akamgongea Lanty. Sikufikiria hilo! Kichwa kinachouliza nguvu inakwenda wapi hakikuuliza jambo dogo kama hilo – nafasi haikai wazi, ina mtu wa kuingia. Lanty alishuka anafunga vifungo, uso wote meno. Baba akavua skafu yake mwenyewe ya jasho akamfunga shingoni. Akamshika masikio mawili, kweli, kwa mikono, kama mtu anayenunua sungura.

"Ukisikia kama birika linaimba nyumba ya jirani, usingoje amri ya mtu. Vuta moto nje. Umesikia?"

"Nimesikia, Mzee."

"Hata kama mmebakiza dakika moja kufika. Umesikia?"

"Nimesikia!"

Mimi nilishajificha chumbani na Mama, kama inavyotakiwa. Lanty akapita mbele ya mlango wetu. Akagonga ubao kwa kidole. "Tamsi! Leo nakuletea thelathini. Na ufagio wa Mama haurudi chini!"

Kulikuwa na ubao tu kati yetu. Ningefungua. Ningetoa uso, basi, naye angegeuka – yeye anaamini kuliko Baba. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa. Nikaona aibu. Nikaona wataulizana kwa nini wanaume wawili wamerudishwa asubuhi moja. Nikasikia buti zake zinashuka mtaa, anapiga mluzi.

Adhuhuri

Sijaenda kazini. Mama kasema naumwa. Baba amekaa na buti miguuni, hajazivua. Mama anatuangalia mmoja mmoja kama kuku wageni.

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia: Baba, kwa nini uligeuka? Ulijua unahitajika. Ulijua ni mimi tu!

Aliziangalia buti zake.

"Ukikutana na mwanamke ukaendelea, balaa haikupati wewe peke yako," akasema. "Inawapata wote mliomo chumbani. Vijana kumi. Mimi ningeenda. Wao sina haki ya kuwapeleka."

Nilidhani nimemrudisha kwa sababu ya woga wake. Kumbe si woga. Miaka yote nimekaa nyuma ya pazia nacheka kitu nisichokijua.

"Na yule kijana," akaongeza, "ana masikio mazuri. Nilimkatalia kwa sababu nilijua anakupenda, nikaogopa kukutia ujane mapema. Sasa nawe umemwingiza."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali.

Ananipenda. Na mimi nampenda. Naandika kwa wino ili nisifute. Nimesema "nguruwe" mara ngapi kwenye nyumba hii! Nimekwenda kushika chuma cha jiko. Nimekishika muda mrefu.

Jioni

Naandika kwa penseli, nimekaa juu ya gunia gatini. Mikono inataka kazi.

Watoto walikuja wanakimbia mtaani: imeingia mtoni! Ina ufagio! Mpini mwekundu! Watu wakatoka nje wanapiga sufuria. Thelathini! Yule mama wa samaki analia na kumbusu polisi. Baba, Mama na mimi tulipanda kilimani pale penye ukuta wa kanisa. Kweli, ufagio uko juu, unaonekana. Mama akaanza kumshukuru Mungu.

Baba hakuangalia ufagio. Aliangalia dohani. Wagtail ina dohani tatu. Ya nyuma inatoa moshi. Ya kati inatoa moshi.

"Ya mbele imekufa," akasema.

Nikauliza: labda ameisikia? Labda amevuta moto nje kama ulivyomwambia, wamefika kwa boila zilizobaki? Inawezekana, Baba? Inawezekana?

"Inawezekana," akasema. Na alikuwa ameshaanza kushuka.

Njiani akasimama. Akageuka, akarudi nyumbani. Baba! Ambaye amewahi kwenda kanisani bila kofia kwa sababu mtu akishatoka harudii kitu alichosahau. Aliingia, akatoka na ile chupa ya mafuta ya kitani na shuka safi la Mama. Mtaa mzima umejaa wanawake, wakaanza kujibanza kando wampishe, kwa mazoea. Akawaambia wasijibanze.

Langoni mlinzi alinizuia. Baba akasema huyu yuko na mimi. Tukaja mpaka chini ya ngazi ya meli, mahali ambapo mwanamke hajawahi kusimama tangu nipate akili.

"Kaa hapa," Baba akaniambia. "Hapa hapa. Kila atakayeshuka akutane na uso wako kwanza."

"Baba, wata–"

"Hapa hapa, mwanangu."

Akapanda na chupa yake. Hajashuka.

Kumbe ni nyembamba hivi. Nimeichora miaka yote hii, sikujua ni nyembamba hivi. Rangi ya dohani ya mbele imebabuka. Chuma bado kinalia chenyewe, tik, tik, kinapoa. Kutoka chini nasikia sauti za watu, lakini wote ni viziwi sasa, wanapiga kelele pamoja, siwezi kubagua ya nani.

Wanaanza kushuka. Wote weusi, macho tu. Wa kwanza ameniona, amesimama kidogo kwenye ngazi – kisha amenivulia kofia, akaja. Si yeye. Wa pili si yeye. Wa tatu ana shuka la Mama mkononi, halijafunguliwa, anarudi nalo juu, wamemwita. Nyuma yake yuko mmoja anashuka taratibu, kichwa kimefungwa skafu ya Baba, ile ya asubuhi, masikio yote mawili ndani, wamemshika kila upande. Namwita. Haangalii. Ni kiziwi, wote ni viziwi, nimesahau. Nasimama ili anione